Hilux ya 1976 inazima ikipata joto, ikipoa inawaka vizuri. Ni mafuta au ni moto wa plagi?

Mrithi_wa_Pikapu
Wakuu, salaam.

Nina Hilux ya mwaka 1976, kabini moja, injini 12R ya petroli, cc 1587, kabureta na pointi za zamani (swichi ndogo ya kukata na kuunganisha umeme wa cheche). Ilikuwa ya marehemu baba. Alipoanza kuugua ikaegeshwa bandani, ikakaa miaka minane, na mwaka jana nikaamua kuifufua. Nimebadilisha tairi zote, betri, silinda za breki za magurudumu yote manne, mipira ya rejeta, plagi, pointi na koili (inayozalisha umeme wa cheche). Kabureta nimeifungua na kuiosha mwenyewe.

Asubuhi inawaka kwa stata moja na inatembea vizuri. Shida inaanza baada ya kama dakika arobaini barabarani. Kwanza inavuta kwa kusitasita, halafu inakohoa mara mbili tatu, halafu inazima. Stata inazungusha kwa nguvu zote lakini injini haishiki. Nikikaa pembeni nusu saa inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mshale wa joto haupiti katikati.

Fundi wa kwanza alisema kabureta imekufa. Wa pili akasema nisijisumbue, nitoe injini nifunge ya kisasa. Hilo sitaki. Ndani ya mlango wa dereva baba aliandika kwa penseli kilomita za kila alipomwaga oili, mstari chini ya mstari, na yote ni ya injini hii hii. Nataka kuiendeleza orodha ile. Nisaidieni.

Spana_Kumi
Mkuu, petroli inachemka kabla haijafika kwenye kabureta. Pampu yako imefungwa ubavuni mwa injini na inaendeshwa na kemshafti (shafti inayofungua valvu), kwa hiyo inakula joto lote la chuma kile. Kazi yake ni kuvuta mafuta kutoka tangini, huko nyuma kabisa. Mafuta yakivutwa, mgandamizo ndani ya bomba unashuka, na mgandamizo ukishuka petroli inachemka kwa joto dogo zaidi. Pampu inabaki kumeza mvuke, na mvuke hausukumiki. Tena petroli ya leo inalenga magari yenye pampu ya umeme ndani ya tangi, inayosukuma kwa mgandamizo wa ba tatu au zaidi. Pampu yako haifiki hata nusu ba.

Siku ikizima mwagia pampu maji baridi. Ikiwaka papo hapo umepata jibu.

Fundi_Nyaya
@Spana_Kumi soma vizuri alichoandika. Amesema amebadilisha koili. Mimi huwa naanza na kile kilichoguswa mwisho.

Koili ziko za aina mbili. Ipo ya omu 3 hivi (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), inayokula volti 12 moja kwa moja, na ipo ya omu 1.5 hivi, inayotaka rezista (kipande cha kupunguza umeme) mbele yake. Ukifunga ya 1.5 bila rezista, umeme unaopita ni mara mbili: badala ya ampea 4 unapata 8. Koili inajipika, cheche inafifia, gari inazima. Ikipoa inarudi. Dakika arobaini kisha nusu saa ya kupoa, hiyo ndiyo tabia yake. Toa nyaya ndogo mbili za koili, pima kwa mita kati ya chanya na hasi, utuletee namba.

Tairi_ya_Akiba
Kabla hamjafika mbali, afungue kwanza mfuniko wa tangi. Mafuta yanayotoka lazima nafasi yake ijazwe na hewa. Tundu la hewa likiziba, tangi linabaki linanyonywa mpaka pampu inashindwa kuvuta. Siku ikizima fungua mfuniko taratibu huku unasikiliza. Ukisikia "fyuuu" ndefu, hapo hapo.

Nilihangaika miezi mitatu na Datsun 620 yangu. Nilifungua kabureta mara nne. Kumbe mfuniko niliokuwa nimefunga ulikuwa wa gari jingine, hauna tundu.

Chuma_cha_Kale
Hongera kwa kuitunza, mkuu. Za miaka ya 1972 mpaka 76 ndizo Hilux za kwanza kabisa, usiiuze.

Kabini_Moja
@Chuma_cha_Kale hapana, mkuu. Hilux ya kwanza ilitoka 1968, ikiundwa na Hino kwenye kiwanda chao cha Hamura kwa niaba ya Toyota. Ya 1972 ni kizazi cha pili, ndicho cha mleta uzi. Cha tatu kilikuja 1978, na ya kuvuta magurudumu yote manne ikaanza 1979.

Chuma_cha_Kale
Nimekubali. Shukrani. Asiiuze hata hivyo.

DadaGereji
Mleta uzi, hapa utapata majibu kumi na kila mtu atakuwa ameponya gari lake kweli. Tatizo ni kwamba magonjwa matano tofauti yanazimisha gari kwa namna ile ile. Usinunue kitu chochote sasa hivi. Subiri izime, halafu uiulize yenyewe ikiwa bado ya moto, kabla haijapoa ikaficha.

Ikizima, fungua boneti mara moja. Kama kabureta yako bado ni ile ya awali, ubavuni mwa bakuli la boya pana kidirisha kidogo cha mviringo, cha kioo, chenye alama. Tazama mafuta yako wapi. Kisha toa mfuniko wa chujio la hewa, chungulia kooni, vuta waya wa eksileta kwa mkono mara moja. Lazima uone mafuta yanarushwa kwa mstari mwembamba kama wa sindano. Yakirushwa, bakuli lina mafuta, na mawazo ya pampu, tangi na mvuke yanarudi nyuma ya foleni. Rudisha mfuniko wa chujio, usiwe na mvuke wa petroli wazi, ndipo upime cheche: waya mnene wa katikati ya distribyuta (inayogawa umeme wa cheche kwa plagi), ushike kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha iwe milimita sita kutoka kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Cheche nzuri ni ya buluu na unaisikia ikilia. Ya njano au nyekundu isiyo na sauti ni dhaifu.

Na @Spana_Kumi, tafadhali, asimwage maji kwenye chuma cha moto kilicho jirani na distribyuta. Kitambaa kilicholowa juu ya pampu kinatosha.

Spana_Kumi
Sawa dada, kitambaa. Lakini pampu ni ile ile.

Kondensa_Moja
Kura yangu nampa mdogo wa koili: kondensa. Kikopo kidogo kama kidole, kimefungwa kwenye distribyuta, na hakuna anayekishuku. Kwenye pikapu yangu nilifunga kondensa mpya tatu kwa mwezi mmoja, zote zikafa zikipata joto. Mwishowe nikatoa ya zamani iliyokaa kwenye kopo la skrubu, nikaifunga, na ndiyo iliyopo hadi leo. Fungua pointi utazame nyuso zake. Ukikuta upande mmoja umeota kilima na wa pili umechimbika shimo, kondensa haifanyi kazi yake.

Fundi_Nyaya
Naongeza hapo: upo waya mwembamba unaotoka pointi kwenda nje ya distribyuta. Ile sahani ya ndani huzunguka kidogo kila unapokanyaga mafuta, waya unakunjwa na kukunjuliwa miaka arobaini. Shaba inakatika ndani, ngozi ya nje nzima. Uvute taratibu. Ukinyooka kama mpira, umekatika.

Mrithi_wa_Pikapu
Asanteni wote. Nimeendesha leo kwa makusudi mpaka ikazima, dakika ya arobaini na tatu.

Kioo cha kabureta: mafuta yapo kwenye alama kabisa. Nilivuta waya, yakarushwa vizuri. Cheche: rangi ya chungwa, haina sauti, mara ipo mara haipo. Mfuniko wa tangi haukulia. Koili sikuweza kuishika kwa kiganja hata kwa kuhesabu moja mbili. Nilipofika nyumbani nikapima ikiwa imepoa: omu 1.6.

Kisha nikaona kitu. Karibu na koili pana kipande cheupe cha kauri chenye pini mbili, kimefungwa kwenye bodi. Nyaya zote mbili zimeunganishwa kwenye pini moja. Pini ya pili iko tupu, ina kutu.

Fundi_Nyaya
Hiyo ndiyo rezista, na kuna mtu aliiruka! Yawezekana iliungua siku moja, fundi akaunganisha nyaya pamoja ili gari itembee, na hakuna aliyerudi. Dalili ya rezista iliyoungua ni kwamba injini inawaka ukiwa umeshikilia stata, ukiachia ufunguo inazima, kwa sababu wakati wa stata umeme unapita njia ya mkato. Pima hiyo kauri. Ikisoma omu moja na nusu hivi, rudisha waya mmoja upande wa pili. Isiposoma kitu, funga mpya, au koili ya omu 3 isiyotaka rezista.

Kabini_Moja
Uzi mzuri. Nimeweka kambi.

Kichwa_cha_Silinda
Mimi nitasema ambalo hamjaligusa. Injini nyingi za enzi zile ziliundwa petroli ikiwa na madini ya risasi, na risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu. Duniani kote iliondolewa zamani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo valvu za ekzosi kwenye injini zenye viti laini zinazama taratibu. Valvu ikizama, nafasi ya tapeti (ule mwanya mdogo juu ya valvu) inakwisha. Chuma kikipata joto kinarefuka, valvu inabaki wazi kwa unywele, mgandamizo unapotea. Ikipoa unarudi. Apime mgandamizo injini ikiwa ya moto.

Kabini_Moja
@Kichwa_cha_Silinda kwa nchi nyingi ni kweli, ila si zote. Ya mwisho kuacha kuuza petroli ya risasi kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

DadaGereji
Na valvu isiyofunga ingejionyesha kwa kutikisika gari ikiwa imesimama, kabla ya kuzima. Yake imetulia. Lakini kurekebisha tapeti ni kazi ya mchana mmoja na kwa gari lililolala miaka minane ingefanyika hata bila ugonjwa. Kwa hiyo apime, sikatai.

Pikapu_ya_Bluu
Kwa nini msimwambie afunge mfumo wa elektroniki ndani ya distribyuta ile ile, aachane na pointi na kondensa? Mimi nilifunga kwenye Ford F-100 yangu, mwaka wa sita sasa.

Kondensa_Moja
Kwa sababu pointi zikikusumbua njiani unazisugua kwa msasa, unapima milimita 0.45, unaenda. Hicho kidude chako kikifa unaita gari la kuvuta.

Pikapu_ya_Bluu
Katika miaka sita sijaita. Wewe mwezi mmoja umebadilisha kondensa tatu, umeandika mwenyewe hapo juu 😄

Kondensa_Moja
Hapo umenishika 😄 Ila hoja yangu iko palepale.

Mrithi_wa_Pikapu
Rezista ilikuwa imekufa, mita haikusoma kitu. Nimefunga mpya na koili nyingine ya omu 1.5, maana niliyokuwa nayo sikuiamini tena. Leo nimeendesha saa mbili mfululizo, haijazima. Koili ina joto lakini inashikika. @Fundi_Nyaya Mungu akubariki. Jioni nilimwaga oili, nikachonga penseli na kuandika kilomita mlangoni, chini ya mstari wake wa mwisho. Nilikaa pale kwenye kiti kwa muda.

Chuma_cha_Kale
Hapo umenigusa, mkuu.

Spana_Kumi
Hongera. Nabaki na wasiwasi wangu.

Mrithi_wa_Pikapu
Wakuu, nimerudi. Siku nne nzuri, leo imezima tena. Safari hii mambo yamegeuka. Cheche buluu na inalia. Koili inashikika. Lakini kioo cha kabureta: mafuta robo tu, na nilipovuta waya hayakurushwa. Nilisubiri dakika ishirini, nikapiga stata ndefu, kioo kikajaa, ikawaka.

DadaGereji
Basi yalikuwa magonjwa mawili, moja likimfunika mwenzake. Sasa turudi upande wa mafuta.

Spana_Kumi
Pampu. Mvuke. Tangu siku ya kwanza.

Tairi_ya_Akiba
Mfuniko ulilia?

Mrithi_wa_Pikapu
Ulilia kidogo sana. Sina hakika kama ni kulia au ni kawaida.

Mzee_Boneti
Vijana, hamjambo. Nimesoma uzi wote. Gari ililala miaka minane, na hakuna hata mmoja aliyeuliza tangi lililala na nini ndani.

Tangi likilala nusu, ile nusu ya juu isiyo na mafuta inashika kutu, kwa sababu hewa inaingia na unyevu wake kila usiku. Siku mnapoianza, mtikisiko wa barabara unabandua magamba. Yanashuka chini, na chini ndiko bomba la kuvuta liliko. Pampu ikivuta, gamba linakwenda kukaa mdomoni mwa bomba kama jani kwenye tundu la bafu. Mafuta yanapungua, kabureta inakauka, gari inazima. Pampu ikiacha kuvuta, gamba linaanguka lenyewe. Baada ya nusu saa mnasema imepoa. Haijapoa, imeachiwa.

Mimi lilinikuta na pikapu niliyokuwa nabebea mbao. Tulibadilisha pampu, tukafunga kipande cha bati mbele ya ekzosi kuzuia joto, tukavika mabomba kitambaa. Siku niliyoshusha tangi na kuligeuza, yalitoka magamba ya kujaza kiganja, mekundu, mepesi kama maganda ya vitunguu. Nililiosha kwa mnyororo mfupi na mafuta ya taa, nikalitikisa mpaka mikono ikaisha, nikasuuza mara tano.

Neno moja zaidi, na hili mlishike: tangi la petroli halichomelewi hata likionekana kavu. Mvuke unabaki kwenye kutu. Watu wamepoteza maisha hivyo.

Kichwa_cha_Silinda
Shikamoo mzee. Hilo la gamba kuanguka sikuwahi kuliwaza.

Pikapu_ya_Bluu
Kwenye F-100 yangu tangi liko ndani ya kabini, nyuma ya kiti. Pikapu nyingi za Marekani zilikuwa hivyo. Chevrolet walilitoa kabini na kulipeleka nje ya chesisi kwenye za mwaka 1973. Naleta hilo kwa sababu bomba langu la kuvuta ni fupi na bado mvuke ulinisumbua. Kilichosaidia ni bomba la kurudisha: mafuta yanazunguka muda wote, yanarudi tangini, hayapati nafasi ya kukaa kwenye pampu na kuchemka. @Mrithi_wa_Pikapu pampu yako ina midomo mingapi?

Mrithi_wa_Pikapu
Hatujambo, na shikamoo mzee, nitashusha tangi Jumamosi. @Pikapu_ya_Bluu nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi. Midomo mitatu. Mmoja unaingiza, mmoja unatoa, na wa tatu una kipande cha mpira kifupi kilichozibwa kwa skrubu na kukazwa kwa waya.

Spana_Kumi
Skrubu! Mtu ameziba njia ya kurudi. Hapo sina la kuongeza.

Fundi_Nyaya
Aliyeruka rezista na aliyeziba bomba nadhani ni mtu mmoja.

Mrithi_wa_Pikapu
Naomba tusimseme. Huenda ni baba, siku ambazo alikuwa peke yake njiani na mzigo unasubiriwa.

Fundi_Nyaya
Samahani, mkuu. Kweli kabisa.

DadaGereji
Fanya kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukifanya vyote hutajua kilichokuponya. Anza na tangi kwa sababu uchafu utaharibu kila utakachofunga mbele yake. Ukilishusha, chukua nyundo ndogo na bisibisi, gonga chesisi sehemu zote zilizokuwa zimefunikwa, hasa nyuma ya kabini na pale shakili za springi zinapofungwa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza. Hiyo ni muhimu kuliko injini. Injini ikizima unasimama pembeni. Chesisi ikikatika na mzigo ni habari nyingine.

Mrithi_wa_Pikapu
Ripoti ya Jumamosi. Chesisi inalia kote isipokuwa kiganja kimoja upande wa kulia, juu ya shakili ya nyuma. Bisibisi haikuzama, lakini sauti ni ya kunyamaza. Nitatafuta fundi bodi aangalie.

Tangi: maji ya kahawia na vumbi laini kama unga wa matofali. Magamba makubwa aliyosema mzee sikuyaona. Chujio la waya kwenye bomba la kuvuta lilikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Nimeosha, nimerudisha. Samahani dada, nilivunja sharti lako: nilipokuwa kule chini nilitoa na ile skrubu nikaunganisha bomba la kurudi, maana nililikuta limeishia hewani juu ya ekseli na mpira mpya ninao.

Mzee_Boneti
Kahawia laini ni mwanzo wa magamba. Weka chujio la kioo kabla ya pampu uone kinachopita.

Tairi_ya_Akiba
Mfuniko jamani. Hakuna aliyepuliza tundu la mfuniko mpaka leo.

Mrithi_wa_Pikapu
Nimepuliza. Hewa inapita, kwa shida kidogo. Nimesafisha kwa sindano.

DadaGereji
Vitu vitatu kwa siku moja 🙆🏾‍♀️ Haya, endesha.

Mrithi_wa_Pikapu
Siku ya tisa. Ilikuwa nzuri mpaka leo mchana. Imezima mlimani, bila mzigo, dakika ya hamsini na tano. Cheche buluu. Mfuniko kimya. Kioo cha kabureta: mafuta chini kidogo ya alama, na ndani yanatoa mapovu madogo madogo kama maji yanayotaka kuanza kuchemka. Niliweka kitambaa kilicholowa kwenye pampu, baada ya dakika nane ikawaka.

Spana_Kumi
Mapovu. Dakika nane badala ya nusu saa. Mniache sasa niseme.

Pikapu_ya_Bluu
Weka kizuizi cha bakelaiti (plastiki ngumu isiyopitisha joto) kati ya kabureta na manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini) kama hakipo, na usogeze bomba mbali na ekzosi.

Mzee_Boneti
Mapovu ni mvuke, lakini pia ni hewa. Mpira wenye ufa upande wa kuvuta unaingiza hewa bila kudondosha hata tone, kwa hiyo huoni unyevu wala husikii harufu. Na ukipata joto unalainika, ufa unafunguka zaidi. Kijana, ule mpira mfupi unaotoka juu ya tangi kwenda kwenye bomba la chuma, uliubadilisha?

Mrithi_wa_Pikapu
Hapana, mzee. Ule bado ni wa zamani. Kesho nashusha tangi tena.